Mgonjwa Aulizwe Uji

Waswahili tunasema mgonjwa haulizwi uji. Ukimkuta kalala unapika, unapoza, unampelekea. Mimi nimepelekewa uji wa kila namna: wa mtama, wa ulezi, wa mchele uliotiwa tui, wa muhogo. Nimeletewa na watu wanaonipenda, nikaunywa wote kwa shukrani, na mara mbili nilirudishwa wodini nikiwa nimekauka kama jani. Simlaumu mtu. Hakuna aliyejua, wala mimi sikujua, kwamba mtu aliyekatwa utumbo mrefu anaweza kuishiwa maji mwilini huku jagi la maji liko mkononi mwake, na kwamba kadiri anavyokunywa ndivyo anavyozidi kukauka.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mwaka 2009 nilijifungua binti yangu kwa upasuaji. Mshono ukapona vizuri, nikausahau. Miaka saba baadaye, usiku mmoja wa Juni 2016, tumbo lilinishika kwa namna ambayo hata uchungu wa kuzaa haukufika. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, akasema ni chango, akanichemshia dawa. Nilitapika dawa, nikatapika maji ya kijani, tumbo likajaa na kuwa gumu kama ngoma, na chini haikutoka hata hewa. Tukasubiri kupambazuke. Kulipopambazuka tukasubiri maumivu yatulie. Nilifika hospitali alasiri.

Daktari wa upasuaji alinieleza baadaye kwamba mtu akishapasuliwa tumbo, ndani huweza kubaki kovu lililojivuta kama uzi, limeshika utumbo huku na ukuta wa tumbo kule. Linaweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu. Usiku ule utumbo wangu mwembamba ulipita chini ya uzi huo, ukanaswa, ukajisokota, damu ikakatika. Walipofungua tumbo walikuta sehemu kubwa imeshageuka nyeusi, na utumbo uliokwisha kufa haufufuki, unaondolewa tu. Ndiyo maana siku hizi mwanamke yeyote anayekuja kupimwa nguo kwangu, akinitajia kwamba alizaa kwa kisu, nakatiza hadithi zote na kumwambia: maumivu makali ya tumbo yakija pamoja na kutapika, tumbo kujaa na kukosa choo na hewa, usiyaite chango. Nenda hospitali usiku huohuo. Saa zile tulizosubiri ndizo zilizonila utumbo.

Siku ya nne daktari alivuta kiti, akakaa karibu na kitanda. Akasema, "Dada, utumbo mwembamba wa mtu mzima ni kama mita 6 hivi, wengine huzidi, wengine hupungua. Wewe tumekubakishia sentimita 110."

Kwa mgonjwa mwingine hiyo ingekuwa namba tu. Mimi nina tepu shingoni tangu nilipokuwa na miaka 17, na tepu ya fundi ina sentimita 150. Nilijua palepale kwamba kilichobaki tumboni mwangu ni kifupi kuliko tepu yangu. Nilinyamaza. Mume wangu akadhani sijaelewa, akataka daktari arudie, nikamshika mkono.

Kilichobaki kilikuwa sehemu ya juu, inayoanzia karibu na tumbo la chakula. Sehemu yote ya mwisho iliondoka. Utumbo mpana ulisalimika, lakini kwa hali niliyokuwa nayo siku ile hawakuthubutu kuunganisha, kwa hiyo mdomo wa utumbo ulitolewa nje ya ngozi, ubavuni kulia, ukafunikwa kwa mfuko. Daktari alinieleza pia jambo ambalo nililishika kama hirizi: mtu ambaye utumbo wake unamwaga nje namna hiyo, akiwa amebaki na chini ya sentimita 100, kwa kawaida hawezi kuishi bila dripu. Nilikuwa nimeuvuka mstari huo kwa sentimita 10.

Miezi mitano ya mfuko sitaieleza yote. Maji yanayotoka sehemu ile ya juu yana ukali wa kumeng'enya chakula, yakigusa ngozi yanaimeng'enya nayo. Nilichubuka mpaka nikawa naogopa kuvaa kanga. Kilichonisaidia ni ufundi wangu: mdomo wa utumbo hupungua ukubwa katika wiki za mwanzo, kwa hiyo kila wiki niliupima upya, nikakata kipimo kwenye karatasi ngumu, kisha nikakata tundu la mfuko kwa kipimo hicho, lisiache ngozi wazi wala lisibane. Na krimu ya zinki, ile wanayopakwa watoto wachanga wenye upele wa nepi, niliipaka kidogo sana pembezoni, maana ukizidisha mfuko haushiki. Hayo yanatosha.

Kilichotaka kuniua ni kiu.

Wodini walikuwa wanamimina mfuko wangu kwenye jagi lenye alama. Lita 4 kwa siku, siku nyingine zaidi. Mdomo ulikuwa mkavu hata ulimi unagandana na kaakaa, basi naomba maji, napewa. Wifi yangu analeta juisi ya pasheni. Shangazi analeta madafu matatu yamekatwa vichwa tayari, kwa sababu kila mtu wa Tanga anajua dafu ni dawa ya mgonjwa. Jirani analeta soda, mama mkwe uji mwepesi. Ninakunywa, na kabla ya nusu saa mfuko umejaa. Wanasema, "Maskini, anapoteza maji mengi, aongezewe." Naongezewa. Mkojo ukawa kidogo, mweusi kama chai ya mkandaa. Nikisimama naona giza. Usiku vidole vinajikunja vyenyewe, misuli ya miguu inakaza mpaka napiga kelele. Niliruhusiwa nikarudishwa, nikaruhusiwa tena nikarudishwa tena. Kila mara dripu inaniinua kwa siku mbili tatu, kisha nikifika nyumbani naanza upya na jagi langu.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mtaalamu wa lishe, Dar es Salaam, nilikopelekwa kwa rufaa. Aliingia, akatazama meza ya pembeni yenye chupa za maji, dafu, juisi na chupa ya chai, akauliza, "Mwanangu, hivi vyote unakunywa wewe?" Nikajibu kwa fahari, nikijua nimekuwa mgonjwa mtiifu. Akaviondoa kimoja kimoja, akaviweka chini ya kitanda upande nisioufikia. Kisha akakaa kunifundisha.

Alinieleza kwamba ndani ya utumbo wa mtu hupita kama lita 8 au 9 za maji kila siku, na katika hizo tunazokunywa ni kama 2 tu. Zilizobaki ni mate, maji ya tumbo la chakula, nyongo na maji ya kongosho. Mwili unayamwaga ili kulainisha chakula, halafu utumbo mrefu unayarudisha yote ndani taratibu. Mimi sehemu ya kuyarudisha haipo. Na kipande nilichobaki nacho, alisema, ni kama kitambaa kilichofumwa kwa kulegea. Ukiingiza maji matupu, chumvi ya mwili inatoka kwenye damu inayafuata ndani ya utumbo, na chumvi ikitoka maji ya mwili nayo yanatoka. Ukiingiza kitu kitamu sana, soda au juisi, utamu unavuta maji kutoka mwilini kwenda kuuzimua. Kwa vyovyote unapoteza kuliko ulichokunywa. Hata dafu: lina potasiamu ya kutosha, lakini chumvi yake haifiki kwa mtu wa namna yangu. Ila sukari na chumvi zikiingia pamoja kwa kipimo chake, kuna mlango kwenye ukuta wa utumbo unaozipokea kwa pamoja, na maji yanaingia nyuma yao.

Akaandika kwenye karatasi: maji, chai, juisi na uji, vyote pamoja visizidi nusu lita kwa siku. Maji ya chumvi na sukari, lita nzima, kwa kupiga funda dogo dogo kutwa.

Nusu lita! Nililia. Nilimwona mtu katili. Usiku wa kwanza na wa pili niliota visima. Mume wangu alisimama mlangoni na chupa ya maji, hajui anisikilize mimi au amsikilize yule mama. Siku ya tatu jagi la mfuko lilisoma lita 2 na kidogo, mkojo ukaongezeka na kupauka, na kiu, ile kiu iliyokuwa ikinitesa wiki nzima, ikaanza kupungua. Sikuwa nimekunywa zaidi. Nilikuwa nimekunywa pungufu. Wiki iliyofuata nikashuka chini ya lita 2.

Kuna jambo hapa watu hawalijui. Pakiti za ORS, zile za unga wa chumvi na sukari tunazopewa kwenye zahanati, zilibadilishwa mwaka 2002, chumvi yake ikapunguzwa kwa sababu inawafaa zaidi watoto wanaoharisha. Ni dawa nzuri sana kwao. Kwa mtu mwenye utumbo mfupi unaomwaga nje, chumvi ile ni pungufu kidogo. Mimi nilipewa mchanganyiko wa kutengeneza mwenyewe: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, gramu 20 za glukosi ya unga, gramu 3.5 za chumvi, gramu 2.5 za bikaboneti ya sodiamu, ile safi ya dukani na wala si magadi. Nilikwenda kwa muuza viungo sokoni mwenye mzani mdogo, akanipimia kila kitu, nikatia alama kwenye kijiko changu cha plastiki kila kipimo kinapofika. Kijiko hicho ninacho mpaka leo. Hutengenezwa kila siku upya na kilichobaki humwagwa. Kikiwa baridi sana kinanyweka, na nikikamulia limau kidogo sihisi kinyaa. Lakini asiichukue mtu kipimo hiki kwa sababu tu kimenifaa mimi. Mwenye presha ya kupanda, mwenye figo mbovu, mtoto, hao wana daktari wao na vipimo vyao.

Na chumvi kwenye chakula nikaambiwa niitie bila woga, nikatafune samaki wa chumvi. Mama mkwe hakukubali mpaka alipoyasikia mwenyewe kwa daktari. Wazee wetu husema fulani amekula chumvi nyingi, maana yake ameishi miaka mingi. Nami naila ili niishi.

Mambo mengine nilijifunza kwa kuangalia mfuko. Nilipewa vidonge vya loperamaidi vya kupunguza mwendo wa utumbo, ninywe nusu saa kabla ya kula. Vilikuwa vya ganda, na siku moja nikaona maganda mawili mazima yameelea mfukoni. Dawa ilikuwa inapita kama ilivyoingia! Nikauliza, nikaambiwa nifungue ganda nichanganye unga wake na kijiko cha chakula. Tofauti ilionekana siku hiyohiyo. Tangu hapo kila dawa ninayoandikiwa namuuliza mfamasia kama ni ya kuyeyuka polepole, kwa sababu hizo kwangu hazina muda wa kuyeyuka, na namuuliza kama naruhusiwa kuisaga, kwa sababu si zote zinasagwa. Wanawake wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango na wana utumbo mfupi, muulize na hili. Nilipewa pia dawa ya kupunguza asidi ya tumbo kwa miezi ya mwanzo, kwani tumbo la chakula humwaga asidi kupita kiasi baada ya utumbo kukatwa. Na nilikoma kunywa kitu nikiwa nakula. Chakula kikavu kwanza, kinywaji baada ya nusu saa.

Novemba 2016 waliniunganisha. Mfuko ukaondoka, nikadhani nimepona.

Chooni nilikwenda mara 12 kwa siku. Baadaye 8. Sasa ni 4 au 5, na nimeridhika. Daktari aliniambia kipande kilichobaki hujifunza: vinyweleo vyake vya ndani hurefuka, utumbo wenyewe hutanuka, na kazi hiyo huweza kuendelea hadi miaka miwili, ila hujifunza kwa kulishwa. Ukikaa na njaa kwa kuogopa choo, unaunyima masomo. Kwa hiyo nakula mara sita kwa siku, na nakula kweli. Nilikuwa nakwenda kwenye misiba na sinia langu dogo la kificho. Ugali, wali, viazi mviringo, ndizi za kupika, samaki, mayai, kuku. Utumbo mpana ukiwepo, wadudu wake, yaani bakteria, hugeuza wanga uliotupita kuwa nguvu mwili unazozitumia, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu wa sentimita 110. Mafuta nimeyapunguza, na kwetu Tanga hiyo maana yake tui zito. Napika kwa tui la pili. Wageni hawajui, mimi najua.

Safari za kliniki Dar es Salaam zilinipa hofu kuliko kisu. Ni karibu kilomita 350, na basi husimama kuchimba dawa pale dereva anapotaka. Nilijaribu kufunga kula tangu jana yake, nikafika natetemeka. Siku hizi nakata tiketi siti ya mlangoni, namfuata kondakta kabla hatujaondoka, namwambia kwa sauti ya kawaida, "Kaka, mimi nimekatwa utumbo, nikikuomba usimame usiniulize mara mbili." Hajatokea hata mmoja aliyenikatalia. Miaka miwili niliona haya kusema maneno hayo.

Ramadhani ya 2017 nilifunga kwa siri. Nilijiona nimeshaunganishwa, nina utumbo mpana, kwa nini nisifunge kama wenzangu? Siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, mikono ilikakamaa juu ya cherehani, nikashindwa kuachia kitambaa. Magnesiamu na maji vilikuwa vimeshuka pamoja. Ustadhi wetu alikuja kunitazama, na hakunigombeza. Alinisomea aya ya fidya katika Suratul Baqara, akasema, "Mama, ruhusa hii si ya watu wengine, ni yako." Tangu mwaka huo nalisha masikini mmoja kwa kila siku ya mwezi. Nampikia mwenyewe. Jioni nakaa na familia kwenye futari, nami najihesabu mfungaji kwa namna yangu.

Sasa niseme la Pangani, ambalo mume wangu hapendi nilisimulie.

Mwaka 2018 mpwa wangu aliolewa huko Pangani. Nilishona sare za akina mama wote, usiku nne mfululizo, na nikachoka kupika vyakula vyangu. Siku tatu za harusi nilikula kilichokuwepo: halua, kaimati, vitumbua, visheti, tende, na soda kwa sababu zilikuwa baridi. Siku ya tatu jioni nilisimama kwenda kucheza msondo na wenzangu, miguu ikaenda upande. Nikacheka. Nikataka kusema nimechoka, maneno yakatoka yameburuzika. Wifi akanitazama kwa macho ambayo siwezi kuyasahau. Mwanamke wa Kiislamu, mtu mzima, ndani ya hijabu, anayumba na kuongea kama mlevi mbele ya wakwe. Akatokea aliyesema nimekunywa. Akatokea mwingine aliyesema ni jini, aitwe mtu wa kisomo. Mimi nilikuwa nawasikia wote. Akili ilikuwa na ukungu lakini nilikuwa nawasikia, na nilitaka kuwaambia kwamba ni tumbo, ni utumbo wangu, lakini ulimi haukunitii.

Aliyeniokoa ni binti yangu, wakati huo ana miaka 9. Alijua kwenye mkoba wangu kuna karatasi niliyoitia kwenye nailoni, na alikuwa amezoea kuiona nikiwaonyesha madaktari. Aliitoa akampa kaka yangu. Kaka akaisoma, akaita gari.

Hospitalini walipima malaria, hakuna. Sukari iko sawa. Pombe hawakuinusa. Damu ilikuwa na asidi nyingi na hawakuona sababu. Daktari kijana wa zamu alisoma ile karatasi mara mbili, akapiga simu kwa daktari wangu wa Dar es Salaam iliyoandikwa chini. Jibu likaja: wadudu wa utumbo mpana wakipata sukari nyingi ambayo utumbo mfupi umeshindwa kuifyonza, huichachusha na kutoa asidi ya laktiki ya aina ya D. Mwili wa binadamu unaimudu polepole sana, nayo ikijaa hupanda kichwani na kumfanya mtu ayumbe, aburuze maneno, achanganyikiwe. Kipimo cha kawaida cha laktiki hakiioni, kwa sababu kinapima ya aina nyingine. Walinizuia kula, wakanitundikia dripu yenye bikaboneti, wakanipa dawa ya kuwapunguza wadudu wale. Kesho yake jioni nilikuwa nimekaa kitandani naongea sawasawa, na wifi yangu amekaa chini, ameshika miguu yangu, analia.

Karatasi yenyewe ni fupi. Imeandikwa tarehe ya upasuaji, urefu wa utumbo uliobaki, kwamba utumbo mpana upo wote, kwamba sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba haipo, dawa zangu, simu ya daktari, na tangu Pangani nimeongeza sentensi moja: "Nikionekana nimelewa, sijalewa, pimeni asidi ya damu." Nina nakala dukani, nyumbani na kwenye mkoba. Binti yangu anayo yake.

Baada ya hapo ilikuja mawe ya figo, 2019. Hayo nilijitafutia kwa wema: mchicha kila siku, karanga za kukaanga, chai nyeusi, kwa sababu kila mtu aliniambia mchicha unaongeza damu. Mchicha una oksaleti nyingi, kemikali ya mimea inayoweza kuganda na kuwa mawe. Kwa mtu mwenye utumbo kamili oksaleti hiyo hushikana na kalsiamu ya chakula na kutoka chooni. Kwangu mimi mafuta yasiyofyonzwa yanaikamata kalsiamu kwanza, oksaleti inabaki huru, utumbo mpana unaifyonza, inakwenda kugandia kwenye figo. Sijaacha mboga. Nakula kabichi, mchicha kwa nadra, na kila mlo una mtindi au kidonge cha kalsiamu, kinachotafunwa wakati wa kula, si saa nyingine.

Na kosa langu mwenyewe, lisilo la mwingine yeyote: vitamini B12. Inafyonzwa kwenye sehemu ile ya mwisho ya utumbo mwembamba, ambayo mimi sina. Hakuna chakula kitakachonisaidia, ni sindano maisha yote. Mwaka wa kwanza nilichoma. Kisha nikajiona mzima, nikaacha. Akiba ya mwili huchukua miaka kuisha, kwa hiyo hakuna kilichotokea 2018, wala 2019. Mwaka 2020 ulimi ukawa laini na unauma, nyayo zinawaka usiku, na asubuhi moja nikagundua nimejichoma sindano ya mkono kwenye kidole mara tatu bila kusikia. Damu ilikuwa kwenye kitambaa cheupe cha bibi harusi. Fundi asiyesikia sindano hana kazi. Nilirudi kwenye sindano za daktari, na vidole vya kulia vimerudi vyote. Viwili vya kushoto havijarudi vizuri mpaka leo.

Najua kwamba kwenye nchi zenye uwezo kuna watu wenye utumbo mfupi kuliko wangu wanaojilisha kwa mshipa usiku, nyumbani kwao, wamelala. Ulishaji huo ulipata nguvu tangu 1968, pale Stanley Dudrick na wenzake huko Marekani walipoonyesha kwamba hata watoto wa mbwa wanaweza kukua kwa chakula cha mshipani peke yake. Tangu 2012 kuna na dawa ya sindano iitwayo tedugulutaidi, inayousukuma utumbo uliobaki ukue. Nilimuuliza daktari bei yake. Aliniambia, nami sikuuliza tena. Nina kijiko changu.

Mwezi uliopita nilikuwa kliniki. Kwenye benchi alikaa kijana wa miaka kama 20, amekondeana, mkono umeshikilia ubavu kwa namna ninayoifahamu. Pembeni mama yake, na kikapu. Akatoa chupa kubwa ya juisi ya ukwaju, akammiminia kikombe, kijana akanywa chote, akafumba macho, na baada ya dakika chache nikamwona anagusa mfuko chini ya shati, anatazama mlango wa choo.

Nilimsogelea yule mama. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitikia. Nikamwomba radhi kwa kuingilia, nikafungua vifungo viwili vya gauni nikamwonyesha kovu la ubavuni, hapo hapo kwenye benchi, watu wanatazama. Nikamuuliza mwanawe anatoa lita ngapi kwa siku. Hakujua. Nikamuuliza kama kuna mtu amempa kipimo cha kunywa.

"Nilivyoambiwa ni anywe sana," akasema. "Namlazimisha, mwanangu. Usiku kucha namlazimisha."

Nikatoa kijiko kwenye mkoba, chenye alama zake tatu za wino zilizoanza kufutika, nikamshikisha mkononi. Nikamwambia tuingie kwa daktari pamoja, tukamuulize kama kipimo hiki kinamfaa na yeye. Akakigeuza geuza, akakisogeza kwenye mwanga.

"Hii ya chumvi ni ipi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kwa ukucha.